Safari ya Tsavo Agosti 🐘 (kamera gani?)

Khalti Mwanaisha: Assalamu alaykum jamaa. Nissani imepatikana, dereva ni yule yule wa Kisauni, saa kumi na mbili asubuhi tuwe tushafika Bachuma geti likifunguliwa. Lililobaki ni kamera maana mwaka jana tulienda na simu sita na mpaka leo hatuna simba hata mmoja wa kueleweka, kuna picha moja mumenitumia sijui ni simba ama ni kichuguu

Raza: Ni kichuguu khalti 😂

Farida: Mimi nshapata. Fujifilm X100VI. Tafadhalini musikatae kabla kuiona, ni ndogo, nzuri, huko TikTok ndio inayotajwa

Ami Athman: Bei?

Farida: Ami usianze na bei jamani

Swaleh Muscat: Ilipotoka 2024 ilikuwa dola 1,600 kasoro moja. Na watu walipanga foleni

Khalti Mwanaisha: Subhanallah

Raza: Tuache bei kwanza. Farida mamangu ile haina zumu kabisa, lenzi yake imekaa pale pale. Kwa Ngome ya Yesu na vichochoro vya Mji wa Kale na wewe umejifunga leso yako sina neno, tena huko ni kamera tamu sana, lakini tembo akisimama ng'ambo ya bwawa la Aruba utatuletea bwawa zuri na nukta nyekundu

Farida: 🙄

Ami Athman: Ndio maana nikasema Nikon P1000. Nimeona vidio jamaa anapiga mwezi mpaka mashimo yake waona. Zumu mara 125!! Simba awe Voi sisi tuko Mariakani twamhesabu meno

Raza: Ami hiyo ina kilo 1 na gramu 400, nani ataishika siku nzima? Halafu ukiivuta mpaka mwisho mkono ukitingishika kidogo tu simba ashatoka kwenye picha, wewe wamtafuta kushoto kulia mpaka aende zake. Na kitu kimoja watu hawasemi, Tsavo ikifika saa tano saa sita ardhi ishapata moto hewa yenyewe yacheza, vitu vya mbali vyayumba kama viko chini ya maji, hapo hata uwe na zumu mara elfu unavuta joto tu. Picha ya mbali hupigwa asubuhi ama jioni, si mchana

Ami Athman: Kwa hivyo wanikatalia

Raza: Nakukatalia kwa heshima zote Ami 🙏🏾

Mamake Husna: Na mimi niulize swali la kijinga, simu si zina zumu mara 100 sasa? Wasema kwenye matangazo

Raza: Si la kijinga hata, kwenye harusi naulizwa kila wikiendi. Kuna zumu ya lenzi na zumu ya kukata. Simu nyingi lenzi yake ya mbali yafika mara 3, mara 5, basi, zaidi ya hapo inachukua kipande cha katikati cha picha inakipanua na pale penye upungufu inajaza kwa kubahatisha. Ndio waona simba katoka laini mwili mzima hana unyoya hata mmoja. Kamera ndogo ile ya mdomo wa kutoka nje, vioo vyenyewe ndani vinasogea, inavuta kweli. Pesa zako zaenda hapo, si kwenye megapikseli, muuzaji akianza kukuhesabia megapikseli mwambie ahsante uondoke

Swaleh Muscat: Basi niko dukani hapa, nimetoka kazini nikapita. Kwa kabati naona Sony RX100 VII, Canon SX740, na Panasonic TZ99. Semeni haraka wanafunga kwa swala

Raza: Haya. Sony ndio yenye picha safi kushinda zote, sensa yake, kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga, ni inchi moja, hao wengine wana sensa ndogo ya kwenye simu za zamani. Asubuhi kukiwa na giza giza hutaona chenga nyingi, zile nukta nukta za picha. Lakini yavuta mpaka milimita 200 tu, yaani mara 8 hivi, ilitoka 2019 kwa dola 1,200, na betri wenyewe waandika picha 260, Farida atamaliza kabla hatujafika Aruba

Farida: Nimekosa nini tena 😭

Raza: Canon yavuta mara 40, ni ndogo, rahisi. Taabu yake ukiivuta mwisho lenzi haipitishi mwanga mwingi, kwa hivyo jioni jioni picha yote chengachenga. TZ99 ndiyo mpya hapo, ya 2025, mara 30, chaji yake ni ile ile ya simu zetu, ilitoka kwa dola 500. Mimi ningeichukua ila kitu kimoja chaniudhi, wameitoa ile tundu ya kuchungulia

Khalti Mwanaisha: Tundu gani

Raza: Ile ya kuweka jicho khalti. Mulikuwa kwa nissani mwaka jana, jua la Tsavo si mnalijua, skrini huoni kitu waona uso wako tu. Watu wapiga kwa kukisia. Ukiweka jicho kwenye tundu waona simba, na kamera ishaegemea uso kwa hivyo mkono umetulia. TZ95, mkubwa wake wa 2019, anayo. Zumu ni ile ile mara 30. Swaleh waulize kama wanayo iliyotumika

Ami Athman: Tunaenda kununua ya zamani na mpya ipo mbele ya macho. Sawa

Swaleh Muscat: Wanazo mbili za mtumba. Rial 95. Ni elfu 32 za kwetu hivi

Raza: Usilipe. Iwashe, vuta zumu mwanzo mpaka mwisho uirudishe, fanya hivyo kama mara tano, sikio liwe karibu. Ukisikia mkwaruzo kama wa mchanga, iache. Halafu ivute mpaka mwisho upige ukuta mweupe unitumie

Swaleh Muscat: 📷 *Picha*

Swaleh Muscat: Kimya, haina mlio

Raza: Hebu tazama juu kulia. Kuna kidoa cha kijivu

Mamake Husna: Mimi sioni

Raza: Kipo. Hilo ni vumbi lishaingia ndani na kamera hizi ndogo lenzi haitoki ukaisafisha, lazima fundi aifungue yote. Kila mbingu utakayopiga, kidoa kipo. Ile ya pili?

Swaleh Muscat: 📷 *Picha*

Raza: Hii safi. Angalia na mlango wa betri hauna kutu, na omba betri ya pili

Swaleh Muscat: Betri ya pili ametoa. Nimepata na pochi. Nalipa?

Khalti Mwanaisha: Lipa. Nyumba nane, kila nyumba elfu nne nne, mutume kwa M-Pesa yangu leo si kesho

Farida: Na droni ya Hamadi? Alisema atatuazima

Raza: KWS, wale wenye mbuga, hawaruhusu droni bila kibali chao, itabaki getini nayo Hamadi atakulilia wewe. Wacha

Raza: Memori kadi nachukua mimi kwa mtu ninayemjua. Musinunue zile za barabarani, imeandikwa 128 ndani hakuna hata 16, picha zaingia vizuri tu zikifika pale zinaanza kujifuta juu kwa juu. Mteja mmoja ilimkuta nikaah yake ikaishia kwenye mlango wa msikiti

Mamake Husna: 😂😂 astaghfirullah

Raza: Na vumbi. Wote musome. Ile ya Tsavo ni nyekundu na laini mno, ndiyo tembo wanajipaka mpaka wakawa wekundu vile. Mdomo wa kamera ukitoka na kurudi huvuta vumbi ndani, ndiyo hadithi ya kile kidoa. Kwa hivyo nissani ikitembea kamera imezimwa, imefungwa kwa leso, iko mapajani kwa mtu. Si kwa dashibodi. Gari likisimama tunangoja vumbi letu lipite mbele, kisha ndio tunawasha

Ami Athman: Na simba atangoja vumbi lipite?

Raza: Simba mchana kalala Ami, hana haraka kutushinda. Na dereva azime injini kila tukisimama, ule mtetemo wote waingia kwenye picha. Mtu ashone kimfuko cha kitambaa tutie kunde kilo mbili, tuuweke kwa dirisha na kamera iegemee juu yake. Tripodi ndani ya nissani ni kugombana na magoti ya watu

Nyanya: 🎤 *0:41*

Farida: Nyanya asema kunde apewe yeye, atashona mfuko kwa ile kaniki yake ya zamani, na asema tukifika Voi usiku kunde zitapikwa na nazi hawezi kulala njaa kwa sababu ya picha

Raza: Nyanya asubuhi ya pili tutaegemea nini 😩

Nyanya: 🎤 *0:06*

Farida: "Mchele."

Khalti Mwanaisha: Waliotuma: Mamake Husna, Raza, Farida (nusu). Ami Athman sijaona kitu

Ami Athman: Kamera yangu mushaikataa nachangia nini

Khalti Mwanaisha: Athman

Ami Athman: Nimetuma. Lakini tukifika Aruba wa kwanza kushika ni mimi, na asiniambie mtu habari za kuzima zima