GPS ya nje inadaka setilaiti vizuri lakini muda wa mizunguko unakosewa (NEO-M8N + HC-05 + RaceChrono)

Kijana wa Uyole:
Wakuu, habari za majukumu. Naomba msaada wenu. Nina moduli ya GPS ya NEO-M8N niliyoiunga na HC-05 (moduli ya Bluetooth), zote zinakula umeme wa pawa benki. Simu ni Android, programu ni RaceChrono, ya kupima muda wa mizunguko. Pikipiki inazunguka njia ya vumbi ya mita 900 hivi huku Uyole. Setilaiti zinafika 14, HDOP (kipimo cha ubora wa mpangilio wa setilaiti, kikiwa kidogo ni kizuri) 0.9, Bluetooth inashika. Kwenye u-center (programu ya kompyuta ya kupanga moduli) nimeweka 10 Hz, yaani vipimo 10 kwa sekunde, ila simu inaonyesha 2 hadi 3 Hz, tena kwa kurukaruka. Mizunguko 8 imehesabiwa 7, na muda unapishana na saa ya mkononi kwa sekunde nzima. Halafu baada ya nusu dakika hivi mtambo wote unazimika. Ni milima hii inaziba, au mwinuko wetu? Au nimeuziwa moduli feki?

Fundi Redio:
Mkuu, milima iache kwanza. Kwa setilaiti 14 na HDOP 0.9 antena yako haina shida. Kinachobana ni njia ya data. M8N na HC-05 zote hutoka kiwandani zikiwa kwenye baudi (kasi ya kutuma data) 9600, yaani herufi 960 tu kwa sekunde. Moduli isipoguswa hutuma sentensi (mistari ya data) za aina 6: GGA, GLL, GSA, GSV, RMC na VTG. Setilaiti zikiwa nyingi, mkupuo mmoja unafika herufi 500 hivi. Mara 10 kwa sekunde ni 5,000. Hazipiti. Hata ukibakiza GGA na RMC peke yake bado ni kama 1,500.

Anza na M8N. Iunge na kompyuta kwa adapta ya USB-TTL, TX (pini ya kutuma) ya moduli iende RX (pini ya kupokea) ya adapta, na RX ya moduli iende TX ya adapta. Kwenye u-center ingia UBX-CFG, sehemu ya mipangilio. Katika MSG zima GLL, GSA, GSV na VTG. Katika GNSS bakiza GPS tu, kwa sababu M8N ikichanganya GPS na GLONASS (setilaiti za Urusi) kikomo chake ni 5 Hz. Hiyo 10 Hz unaipata kwa mfumo mmoja. SBAS (setilaiti za kusahihisha GPS) nayo izime: EGNOS ni ya Ulaya, WAAS ya Amerika Kaskazini, huku kwetu hazina kazi. NAV5 weka Automotive, RATE milisekunde 100, kisha PRT (mlango wa data) baudi 115200. Hapo u-center itapoteza mawasiliano. Chagua 115200 upya, ndipo uhifadhi kwa CFG-CFG. Usiposevu, jasho lote limeenda bure.

Sasa HC-05. Bonyeza kitufe chake, kiendelee kubonyezwa wakati unawasha umeme. Taa ikiwaka na kuzima polepole, kila sekunde 2, umeingia hali ya AT, yaani ya kupokea amri. Ongea nayo kwa 38400, tuma AT+UART=115200,0,0, isubiri ijibu OK.

Ukibadili kimoja ukasahau kingine, simu itaunganika kama kawaida lakini itapokea takataka. Wengi hukwama hapo wakalaumu simu.

Dada wa Mafinga:
Hilo la kuzimika ni pawa benki, kaka. GPS na HC-05 kwa pamoja hazifiki hata 100 mA, na pawa benki nyingi zikiona mzigo mdogo hivyo zinadhani simu imejaa, zinajikatia. Tafuta yenye hali ya mkondo mdogo, au tumia betri ya lithiamu yenye bodi ya kupandisha hadi volti 5.

Kuhusu mwinuko, mita 1,700 si kitu kwa setilaiti iliyo kilomita 20,000 juu. Mlima unaficha zile za chini karibu na upeo tu, na hizo ndizo dhaifu zaidi. Ungekuwa huku kwetu katikati ya miti ya paina, hasa ikiwa imelowa mvua, hapo ningekuambia uhofie mawimbi.

Mkaguzi wa Saa:
Nyongeza moja, maana sijaona mtu akiigusa: mstari wa kuanzia umeuweka wapi? GPS ikikosea mita 2 huku unapita kwa 72 km/h, yaani mita 20 kwa sekunde, kosa ni sekunde 0.1. Ukiuweka kwenye kona unayopita kwa mita 5 kwa sekunde, kosa lile lile linakuwa sekunde 0.4. Uweke kwenye sehemu iliyonyooka, ukate njia kimkingamo, upana mita 20 hivi, lakini usiguse kipande kingine cha njia kinachorudi jirani. Mstari mfupi mno unarukwa, na huenda ndiyo siri ya ule mzunguko uliopotea.

Kijana wa Uyole:
Nimewaelewa, asanteni sana. Nikimaliza nitajuaje kama kweli ni 10 Hz? Na swali la feki?

Fundi Redio:
Fungua programu ya kusoma Bluetooth ghafi kwenye simu, angalia mistari ya $GPRMC (ndiyo ile RMC). Namba ya kwanza baada ya jina ni saa. Sehemu ya desimali iende .00, .10, .20, .30 bila kuruka. Ikiruka kutoka .20 hadi .60, kuna data inamwagika njiani.

Feki utaijua kwa kumbukumbu. M8N halisi ina flashi (kumbukumbu isiyohitaji umeme), mpangilio haufutiki. Iache siku kadhaa bila umeme. Ikirudi yenyewe 9600, ilikuwa inategemea kibetri kile kidogo cha kwenye bodi. Bado unaweza kuitumia, ila kila ikisahau utaipanga upya.