Bendi za Kampala zinapiga vizuri, lakini mlio wao uko wapi?

Mpiga Besi, Nsambya

Wadau, naomba tuliongee hili bila kuoneana haya. Ijumaa iliyopita nilizunguka kusikiliza bendi nne usiku mmoja, kuanzia Kabalagala mpaka Ntinda. Vijana wanajua kazi. Kuna mpiga kinanda mmoja alinifanya niache kinywaji changu na kumsogelea nione vidole. Lakini ungenifunga kitambaa machoni nisingeweza kukwambia niko kwa bendi ipi. Zote nne zilipiga kopi zilezile za Wanigeria, za Wakongo na za Wajamaika, na hata maneno ya mwimbaji katikati ya nyimbo yalikuwa yaleyale.

Majirani zetu wa Tanzania walikuwa na neno la kitu ninachokitafuta: mtindo. Bendi isiyo na mtindo haikuhesabiwa. NUTA Jazz walikuwa na Msondo, Mlimani Park wakaja na Sikinde, Maquis wakawa na Kamanyola. Mtu aliyekaa nje ya ukumbi alijua nani anapiga kabla mwimbaji hajafungua mdomo.

Sisi tunayo bendi ya Afrigo. Walianza 1975, wakitokana na wanamuziki wa bendi ya The Cranes, katikati ya utawala wa Amin, wakati ambapo kutembea usiku Kampala kulikuwa ni kuichezea roho yako. Moses Matovu na saksafoni yake yupo tangu mwanzo. Vipulizo vyao vikiingia kwa pamoja, gitaa la kirumba likikimbia chini yake na ngoma ikivutia upande wa baakisimba, ngoma ya Waganda, huulizi ni nani hao.

Walipataje? Kwa kukaa pamoja. Miaka mingi ulijua wikiendi utawakuta Club Obbligato, wakipiga nyimbo zao wenyewe mbele ya nyuso zilezile. Mlio wa bendi ni watu waliozoeana mpaka makosa. Mpiga drums anajua besi yake huchelewa kidogo, basi anaacha kumsukuma, anamsubiri. Baada ya miaka miwili kule kuchelewa si kosa tena, watu wanakuja ukumbini kucheza kwa ajili yake.

Leo ukumbi unakodi wanamuziki kwa usiku. Jumatano napiga na hawa, Alhamisi na wale, Jumamosi naitwa saa kumi jioni kuziba pengo la mtu nisiyemjua. Watu wasiojuana wataelewana kwa lipi? Kwa wimbo kama ulivyo kwenye rekodi, basi. Ndiyo maana nasema kopi si uvivu. Kopi ndiyo lugha pekee ya wageni waliokutana jukwaani. Mimi mwenyewe, kwenye ukumbi mmoja ambao siutaji, tulipiga wimbo wetu wa pili tu, bosi akapitisha mkono shingoni: kata hiyo. Tukakata. Sijaupiga tena ule wimbo mbele ya watu na unaniuma mpaka leo.

Msimamo wangu: bila ukumbi wa kudumu na bila watu walewale, tusiwalaumu vijana kwa kukosa mlio. Anayepinga aje.

Mtayarishaji, Makindye

Napinga, kaka, tena kwa heshima. Mwimbaji wetu Philly Lutaaya hakuwa na ukumbi wa wikiendi Kampala alipokuwa akirekodi Sweden miaka ya 1980. Alikuwa mhamiaji kwenye baridi. Lakini ikifika Desemba nenda popote Uganda, kuanzia dukani mpaka kwenye teksi, utasikia nyimbo zake za Krismasi na hakuna atakayekwambia huu ni muziki wa Sweden. Geoffrey Oryema, mwimbaji Mwacholi, naye alitoa albamu yake ya kwanza mwaka 1990, akiwa uhamishoni Ulaya, mtayarishaji wake Brian Eno, Mwingereza. Ndani yake Uacholi haukupotea.

Mlio unatoka kichwani kwa mtu mmoja anayejua anachokitaka, halafu anatafuta wa kumsaidia. Mtu huyo asipokuwepo, hata mkae pamoja miaka ishirini mtatoa kelele iliyozoeana. Mimi studio kwangu naletewa bendi nzima, nawauliza wimbo huu mnautaka usikike vipi, wanatazamana. Mwisho mmoja anasema, "kama ule wa fulani." Hapo ukumbi una kosa gani?

Dada wa Bombo

Mnawataja wenye kumbi na wenye studio, sisi wasikilizaji mmetuacha salama. Nani huwa anapeleka karatasi ya kuomba wimbo jukwaani? Mimi nimeshapeleka. Arusi ya mdogo wangu tulilipa bendi, na walipoanza nyimbo zao mama wakubwa wakanituma niwaambie wapige zinazojulikana. Doluka, ngoma yetu Wanubi, ilipopigwa na kina mama wetu wenyewe baadaye, kwa ngoma na makofi, hakuna aliyeomba kopi. Nimelifikiria sana hilo. Kwa ngoma yetu tunamwachia mpigaji nafasi, ila bendi ya magitaa tunaiona kama redio ambayo imevaa suti.

Mwalimu wa Muziki, Iganga

Ndugu zangu, nimesoma tangu juu na nawaona mnavutana kamba bila kutazama kilichoko mkononi. Mpiga Besi anasema mlio ni mazoea, Mtayarishaji anasema ni kichwa cha mtu mmoja. Mimi nitawapeleka kwenye amadinda, marimba ya mbao.

Amadinda ya Buganda ina vipande 12 vya mbao, vimelazwa juu ya vigogo viwili vya mgomba. Wapigaji wawili wanakaa wakitazamana. Wa kwanza anaanza, kazi yake inaitwa okunaga. Wa pili, okwawula, anatia noti zake katika mianya iliyoachwa na wa kwanza, moja kwa moja, kwa mwendo huohuo. Wa tatu anakaa kwenye vipande viwili vidogo kabisa upande wa juu na kufanya okukoonera. Sasa sikilizeni hapa. Wale wawili wakishakolea, sikio linaanza kuokota wimbo ambao hakuna hata mmoja wao anayeupiga. Noti za huyu zinashikana na za yule na kutoa sauti ya tatu. Mwenye okukoonera anaifuata hiyo sauti ya tatu kutoka kule chini na kuirudia juu. Mtafiti Gerhard Kubik alijifunza mkononi mwa fundi Evaristo Muyinda, akaandika sana kuhusu jambo hili.

Kwetu Busoga tuna bigwala, tarumbeta za vibuyu. Kila mtu anashika moja, na kila moja hutoa noti moja tu. Peke yako huna wimbo. Mkitimia, wimbo unatembea kutoka mdomo hadi mdomo. UNESCO waliuingiza mwaka 2012 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka, kwa sababu wapigaji wamebaki wachache. Mchezaji mmoja anaweza kuondoka na nini? Hana cha kwenda kuuza ukumbi wa jirani.

Kwa hiyo mwanangu Mtayarishaji, ule wimbo wa amadinda ulitoka kichwani kwa nani? Na wewe Mpiga Besi, kukaa pamoja hakutoshi kama kila mtu anapiga sehemu iliyojaa tayari. Bendi nyingi za leo kinanda kimeshiba, gitaa limeshiba, besi imeshiba. Hakuna aliyeacha mwanya. Sauti ya tatu ipite wapi?

Na nisemee na wale wanaodhani dawa ni kuchomeka adungu, kinubi cha nyuzi. Wanaitoa West Nile, wanaityuni do-re-mi ifuate kinanda, kisha wanaiweka mbele kwa ajili ya picha. Ngazi ya zamani ya noti ya Buganda na Busoga ina hatua tano zinazokaribiana ukubwa, na hazikai kwenye kinanda cha dukani. Ndongo, ala yetu nyingine ya nyuzi, nayo ilifungwa ngozi ya kenge, nyuzi zikaachwa karibu na ngozi makusudi ili zilie zzz. Fundi wa sauti wa leo akiisikia anakimbilia mashine kuiondoa. Umeondoa zzz, umebaki na gitaa bovu.

Meneja wa Baa, Mbarara

Mimi ni yule anayepitisha mkono shingoni, ingawa si kwa Mpiga Besi. Nisikilizeni pia. Jenereta ni mafuta, polisi wakija saa sita usiku ni mimi, meza zikikaa tupu ni mimi. Nilijaribu. Nilichukua bendi moja kila Alhamisi, nikawaambia leteni zenu. Wiki ya tano mpiga solo akaenda Kampala, ya saba mwimbaji akagombana na mwenye vyombo. Maana mwenye vyombo ndiye bendi hapa kwetu: akiondoka na spika zake bendi imekufa. Hilo mbona hamlisemi? Mnataka miaka kumi ya kuzoeana wakati watu watano wanakodi magitaa ya mtu mmoja.

Kuna jambo jingine. Kuna miaka kulikuwa na makundi yaliyojiita bendi na waimbaji wanasimama wakifumbua midomo tu huku CD ikiimba. Watu walijaa uwanjani na kulipa. Wateja walifundishwa hivyo, sikuwafundisha mimi.

Solo wa Nakivale

Mukubwa Mpiga Besi, na wazee wote, heshima zenu. Mimi nilitoka Kivu nikiwa mtoto, napiga gitaa kwaya ya kanisa hapa kambi ya wakimbizi. Tulianza na magitaa matatu ya kuchonga wenyewe, nyuzi tulizifumua kutoka waya wa breki ya baiskeli. Langu lilikuwa na nyuzi nne. Nikatafuta njia ya kupiga solo bila zile mbili, kwa kurukaruka, na mwenzangu wa ridhim akajifunza kunijazia pale ninaporuka. Hatukujua kama ni mtindo. Siku kwaya nyingine ilipotuiga ndipo tulipojua.

Halafu tukapata magitaa ya dukani, nyuzi sita kamili. Kila mtu akaanza kupiga sebene, yale magitaa ya mbio ya kuchezea dansi, kama alivyosikia Kinshasa kwenye simu. Vizuri sana, tena safi. Na watu wakaanza kutusahau kidogo kidogo.

Mwimbaji Samba Mapangala alipitia Kampala miaka ya 1970 na bendi yake Les Kinois kabla ya kwenda Nairobi na kuunda bendi ya Virunga. Alitoka Kongo, lakini Virunga si muziki wa Kinshasa. Ukiusikia unajua hawa wamekula ugali wa Kenya, na Kiswahili kimewabadilishia hata mwendo wa kuimba. Kwa hiyo mimi siwaogopi wale wanaopiga kopi za Kikongo. Swali ni wataruhusu mahali walipo pawabadilishe ama hapana. Sisi Nakivale tunaimba Kiswahili, jirani wanaimba Kinyarwanda, mwalimu wa kwaya ni Mnyankole. Nimeacha nyuzi mbili za gitaa langu tena. Wenzangu wanasema nimerudi nyuma.

Mtayarishaji, Makindye

Huyu wa Nakivale amenigusa. Ila naomba mtambue amesema "nikatafuta njia". Yeye. Mtu mmoja mwenye sikio. Sijashindwa bado.

Mpiga Besi, Nsambya

Haujashindwa, kaka, ila mrudie vizuri: amesema mwenzake akajifunza kumjazia. Toa ridhim yule, solo ya nyuzi nne ni kilema tu.

Meneja, nimekubali la vyombo, na nimelikubali kwa uchungu, kwa sababu ni kweli na sikuliandika. Mwenye vyombo akiwa ndiye bosi, wanamuziki ni vibarua, na kibarua hawezi kuvumilia wimbo mpya miezi sita mpaka uive. Bendi niliyodumu nayo zaidi ilivunjika namna hiyohiyo, amplifaya ikabebwa kwenye boda usiku. Basi nabadilisha nilichosema mwanzo. Kabla ya ukumbi wa kudumu, kila mtu amiliki ala yake, na vyombo vikubwa vinunuliwe kwa chama, kama wenye boda wanavyochangishana. Wikiendi moja moja. Afrigo wamepita vifo na watu kuhama. Mwimbaji Rachel Magoola alipita pale, Joanita Kawalya sauti yake imekaa pale miaka, na jina halikubebwa na mtu kwenye boda.

Dada wa Bombo, wewe umenifumbua macho kuhusu nafasi. Hatukuwahi kumwambia msikilizaji kuwa anaruhusiwa kutosikia anachokijua. Ila mama wakubwa arusini siwagombezi, naogopa.

Mwalimu, hapo kwenye mwanya nimekwama. Jana nilichukua besi nikajaribu kupiga nusu tu ya ninachopiga siku zote. Dakika kumi nilijisikia mwizi, kama nalipwa bure. Ningependa vijana wangu wanne waje Iganga wasikilize embaire, marimba kubwa ya Busoga, siyo kwenye video. Niliwahi kusikia rekodi ya kundi la Nakibembe iliyotolewa na kampuni ya rekodi ya Nyege Nyege Tapes, nikashindwa kuhesabu ni watu wangapi. Ila tukija na kinanda chetu, mtatyuni embaire ifanane na sisi?

Mwalimu wa Muziki, Iganga

Karibuni sana. Watu watano au sita hukaa kwenye embaire moja kubwa, chini yake limechimbwa shimo ili sauti ivimbe. Mbao hazityuniwi kwa wikiendi moja, huchongwa kwa shoka na kusikilizwa. Kwa hiyo kinanda kiacheni Kampala. Njooni na magitaa na besi, Jumamosi asubuhi kabla jua halijawa kali. Tutaanza na nyinyi kukaa kimya na kusikiliza, labda mpaka saa nane. Halafu tutalegeza nyuzi zenu, moja moja, mpaka zifuate mbao. Na yule kijana wa Nakivale mwenye nyuzi nne, kama anaweza kupata ruhusa ya kusafiri, nauli ya kutoka Mbarara nitachangia mimi.