Nimechoshwa na orodha za mabeki bora zinazomwacha nje César Azpilicueta

Ndugu wanajukwaa, kila msimu wa Ligi Kuu ya Uingereza unapomalizika huibuka orodha za mabeki bora wa miaka kumi au kumi na mitano iliyopita, na kila zinapoibuka jina la César Azpilicueta, beki wa zamani wa Chelsea kutoka Hispania, ama halimo kabisa ama limetupwa mkiani, kama la mchezaji aliyepita njia tu. Nimelivumilia jambo hili kwa muda mrefu. Leo ninaandika kwa sababu safari hii wanaolishabikia ni watu wanaojitambulisha kuwa wapenzi wa Chelsea, na hilo linaniudhi kuliko kejeli yoyote ya mashabiki wa Arsenal au Manchester United.

Sababu inayotolewa ni kwamba hakuwa na namba ya kudumu. Wanaopanga mabeki wa kulia wanasema huyo alikuwa akicheza kushoto. Wanaopanga wa kushoto wanasema alikuwa mtu wa mguu wa kulia aliyejazia pengo. Na wanaopanga mabeki wa kati wanautazama urefu wake wa mita 1.78 na kumkataa bila kurudia hata mechi moja aliyocheza. Matokeo yake ni kwamba mchezaji aliyezimudu nafasi tatu katika kikosi cha ubingwa anakosa kuhesabiwa katika nafasi hata moja, wakati aliyekaa upande mmoja maisha yake yote anasifiwa kuwa mfalme wa upande huo. Huo si uchambuzi, na wanaouita uchambuzi wanatupotezea muda.

Chukueni msimu wa 2014/15. Mwaka mmoja kabla, kocha José Mourinho alikuwa amempeleka Azpilicueta kushoto na kumweka benchi Ashley Cole, mtu ambaye wengi wetu tulidhani haondoki pale mpaka astaafu. Majira ya joto ya 2014 klabu ikamnunua Filipe Luís kutoka Atlético Madrid kwa ajili ya nafasi hiyohiyo. Baada ya msimu mmoja Filipe Luís alirudi Madrid, na Azpilicueta akabaki na namba yake. Chelsea walitwaa ligi na Kombe la Ligi. Kisha chama cha wachezaji wa kulipwa wa Uingereza kikatangaza kikosi bora cha mwaka, na katika safu ya ulinzi wakatajwa Branislav Ivanović, John Terry na Gary Cahill, wote wa Chelsea, halafu nafasi ya nne akapewa Ryan Bertrand wa Southampton, ambaye Chelsea yenyewe ilimwacha aende. Sina ugomvi na Bertrand, kwani alikuwa na msimu mzuri. Ninachouliza ni jinsi ukuta wa watu wanne unavyosifiwa watatu, na yule aliyeziba upande usio wa mguu wake akaonekana hakuwepo.

Msimu wa 2016/17 ndio unaonitoa kabisa katika uvumilivu. Baada ya kufungwa 3-0 na Arsenal mwezi Septemba, kocha Antonio Conte aliuhamishia mchezo kwenye mfumo wa mabeki watatu, Ivanović akapoteza nafasi, na Azpilicueta akasogezwa kuwa beki wa kati wa upande wa kulia, kazi ambayo wengi walitabiri kwamba ingemshinda kwa ufupi wake. Chelsea walishinda mechi 13 za ligi mfululizo na kumaliza mabingwa kwa pointi 93. Katika mechi zote 38 za ligi, Azpilicueta hakukosa hata dakika moja. Narudia: hata dakika moja. Kikosi cha mwaka kilipotoka, Cahill na David Luiz walikuwemo, yeye hakuwemo, na hadi anaondoka Uingereza hakuwahi kutajwa katika kikosi hicho hata mara moja. Hao waliokichagua kikosi hicho ndio mnaowanukuu kama mashahidi wenu.

Wapo pia wanaosema alikuwa beki wa kukaba tu, asiye na mchango mbele. Novemba 2017 dhidi ya Manchester United pale Stamford Bridge, alipokea mpira akiwa mbali, upande wa kulia, akainua kichwa mara moja na kuutuma juu ya mabeki hadi kwa Álvaro Morata, aliyeupinda kwa kichwa hadi nyavuni. Ndilo lililokuwa bao pekee la mechi, na krosi za namna hiyo msimu ule zilikuwa jambo la kawaida kwake.

Na fainali ya Klabu Bingwa Dunia ya Februari 2022, kule Abu Dhabi, mmeisahau? Matokeo yalikuwa 1-1 dhidi ya Palmeiras ya Brazil, muda wa nyongeza ukielekea ukingoni, na shuti lake ndilo lililogonga mkono wa beki na kuzaa penalti. Akauchukua mpira, akasimama nao kama ndiye mpigaji. Wachezaji wa Palmeiras wakamzonga, wakimsemesha ili kumtoa mchezoni. Yeye akatulia, akayameza yote, kisha wakati wa kupiga ulipofika akamkabidhi mpira mwenzake Kai Havertz, ambaye hakuna aliyekuwa amemsumbua, naye akafunga. Kwa taji hilo Azpilicueta akawa mchezaji wa kwanza wa Chelsea kutwaa kila kombe kubwa ambalo klabu inaweza kulishindania, likiwemo la Ligi ya Mabingwa aliloliinua kama nahodha mjini Porto mwaka 2021.

Huyu ni kijana aliyelelewa na Osasuna ya Pamplona, akaenda Marseille, akaumia vibaya goti mwaka 2010, na akanunuliwa mwaka 2012 kwa takriban pauni milioni 7, fedha ambazo leo hazimnunui beki wa akiba. Aliichezea Chelsea mechi 508, nyingi kuliko mchezaji yeyote aliyetoka nje ya Uingereza. Barcelona walipomtaka mwaka 2022, alibaki. Msimu uliofuata timu ikaporomoka hadi nafasi ya 12, na Februari 2023 alipigwa teke la kichwa katika mechi na Southampton akatolewa kwa machela. Lakini katika mijadala yetu mazungumzo yalikuwa ni kwamba amezeeka na kasi imemwisha. Julai 2023 akaenda Atlético Madrid kama mchezaji huru.

Kwa hiyo ninaomba jambo moja kwa yeyote atakayejibu hapa chini. Kabla hujaniwekea orodha nyingine, mtaje beki mmoja tu wa kipindi hicho aliyetwaa ubingwa wa Uingereza akiwa beki wa kushoto, akautwaa tena akiwa beki wa kati, na uniambie kwa nini huyo yumo na Azpilicueta hayumo.