Guru akitaja kiasi kabla ya kukupokea, je, hiyo bado ni dakshina?

Mwanafunzi wa Magomeni:

Ndugu wanajukwaa, salaam. Mimi si Mhindu wa kuzaliwa. Nimekulia Magomeni, na kwa miaka miwili sasa nahudhuria darasa la Bhagavad Gita, kitabu kitakatifu cha Wahindu, linalofanyika Jumapili jioni katika nyumba moja hapa Upanga. Muda wote huo hapakuwa na malipo. Palikuwa na kisanduku karibu na mlango, mwenye nacho alitia, na asiye nacho alivua viatu akaingia bila kuulizwa. Sasa amefika mwalimu mgeni kutoka ng'ambo, na tumeambiwa kwamba anayetaka kupewa mantra, yaani maneno matakatifu ya kukariri, na kuwa mwanafunzi wake rasmi atume shilingi 600,000 kwa namba ya simu ya msaidizi wake kabla ya Guru Purnima, sikukuu ya kuwaheshimu walimu. Fedha hiyo inaitwa dakshina, yaani zawadi ya mwanafunzi kwa guru, mwalimu wake wa kiroho. Nilipouliza ni nani aliyepanga kiasi hicho, nilijibiwa kwamba anayehesabu fedha mbele ya guru bado hajakomaa. Jibu hilo limenikwama kooni. Sitaki kumvunjia mwalimu heshima, lakini fedha hiyo ni kodi yangu ya miezi mitatu. Naomba wanaoijua mila hii wanieleze: dakshina kwa asili yake ilikuwa nini, na ilitolewa wakati gani?

Mzee wa Kisutu:

Mwanangu, mimi nilizaliwa na nimezeekea katika mitaa hii ya mahekalu, kwa hiyo nitakujibu kwa kirefu kidogo, uvumilie.

Swali lako la pili ndilo lenye uzito, kwa sababu wakati wa kutoa ndio unaotenganisha dakshina na ada. Katika sheria za Manu, andiko la kale la Kihindu, sura ya 2, mwanafunzi anaambiwa asimpe mwalimu kitu kabla masomo hayajaisha. Akishaoga ile josho ya kumaliza, na kuruhusiwa kurudi kwao, hapo ndipo anapotoa kwa kadiri ya uwezo wake: shamba, dhahabu, ng'ombe au farasi, na kama hana hayo, basi hata mwavuli, viatu, nafaka au mboga. Kumbe orodha yenyewe imeshuka kutoka shamba hadi mboga ili asiwepo atakayeona aibu. Pwani hii yetu ilikuwa na jambo linalofanana: kijana aliyehitimu ufundi alimpa fundi wake kilemba, na sijapata kusikia fundi aliyedai kilemba siku ya kwanza, kijana hajashika hata randa.

Iko hadithi ya kijana Kautsa, ambayo mshairi Kalidasa ameisimulia. Alipomaliza kusoma alimwuliza mwalimu wake Varatantu ampe nini. Mwalimu akasema utumishi wako umenitosha. Kijana akashikilia, akashikilia tena, mpaka mwalimu akakasirika na kumwambia alete mali ya koti 14 (koti kwa hesabu ya Kihindi ni milioni kumi), yaani milioni 140, kwa kuwa alimfundisha elimu 14. Kautsa akaenda kwa mfalme Raghu, akamkuta amekwisha kugawa mali yake yote katika sadaka kuu, hata chombo cha kumkaribishia mgeni kilikuwa cha udongo. Mfalme alipoipata dhahabu, akataka kijana achukue yote, na kijana akakataa kuchukua zaidi ya deni la mwalimu wake. Utaona kwamba kiasi kilitajwa kwa hasira, baada ya mwalimu kukataa, na elimu ilikuwa imekwisha kutolewa.

Mfano wa upande wa pili ni Drona, mwalimu wa upinde katika utenzi wa kale wa Mahabharata. Alikataa kumfundisha Ekalavya, kijana wa msituni, naye akajifunza upinde peke yake mbele ya sanamu ya udongo ya mwalimu huyo. Alipokuwa hodari, Drona akaja kudai dakshina: kidole gumba cha mkono wa kuume. Kijana akakikata. Wengi humsifu Ekalavya kwa utiifu, na mimi namsifu pia, ila tangu utotoni sijaweza kumtetea Drona.

Kuhusu kule kuambiwa hujakomaa, maandiko yetu wenyewe yamehesabu kabla yako. Kularnava Tantra inasema maguru wanaowaondolea wanafunzi mali zao ni wengi, na anayewaondolea uchungu ndiye adimu.

Dada Mhasibu:

Shikamoo mzee. Nakubali mengi uliyosema, ila naona tusimhukumu mgeni haraka. Mwalimu hula, husafiri na huugua kama sisi. Taittiriya Upanishadi, mojawapo ya maandiko ya kale, inapomuaga mwanafunzi anayehitimu, inamwambia amletee mwalimu mali inayompendeza. Tena kiasi kilichopangwa hakikuanza leo. Katika jumuiya niliyolelewa tunafuata Shikshapatri, kitabu cha maadili kilichoandikwa na mwanzilishi wetu Sahajanand Swami mwaka 1826, na humo mwenye familia anaagizwa kutoa fungu la kumi la mapato yake, na mwenye kipato duni atoe nusu ya hilo, yaani sehemu moja ya ishirini. Baba yangu alikuwa na duka dogo, naye alitoa hiyo ya pili miaka mingi bila kunyooshewa kidole.

Hata hivyo sina budi kukiri tofauti mbili, maana nikizificha nitakuwa nimemdanganya aliyeuliza. Fungu hilo hupimwa kwa kipato cha mtoaji, na hutolewa kwa ajili ya Mungu, si kwa mfuko wa mtu. Watawa wetu hawaruhusiwi kumiliki fedha wala kuwekewa na mtu mwingine. Shilingi 600,000 kwa kila mtu, tajiri na fukara sawasawa, haina kipimo hicho. Kama ni nauli ya ndege na kodi ya ukumbi, basi waandaaji waseme ni mchango wa safari na waonyeshe hesabu, na mimi nitakuwa wa kwanza kuchangia.

Karani Mstaafu:

Nitaongeza mawili. Wanaodhani kumhoji guru ni uasi wa siku hizi wakumbuke kesi ya Bombay ya mwaka 1862. Karsandas Mulji aliandika katika gazeti lake, Satya Prakash, akiwashutumu wakuu wa madhehebu waliofundisha wafuasi kuwatolea mwili, akili na mali. Mmoja wao, Jadunathji Maharaj, akamshtaki kwa kashfa na kudai rupia 50,000. Mahakama ilimpa ushindi mwandishi. Naye Mulji alikuwa Mhindu, mtoto wa madhehebu hayohayo, si mgeni aliyekuja kuwasuta.

La pili ni la hapa nyumbani. Taasisi za dini nchini husajiliwa kwa Msajili wa Jumuiya, Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Omba risiti yenye jina la taasisi iliyosajiliwa. Fedha inayokwenda kwenye namba ya simu ya mtu binafsi haina mahali pa kuulizwa baadaye.

Mwanafunzi wa Magomeni:

Nawashukuru nyote, na mzee shikamoo. Nimemwomba msaidizi risiti kama nilivyoshauriwa. Amesema risiti hazitolewi kwa mambo ya kiroho, lakini kwa kuwa mimi ni mtu wa zamani darasani, naweza kulipa shilingi 400,000. Punguzo hilo limenimalizia swali, kwa sababu nimeliona mara nyingi Kariakoo. Sitalipa. Darasa la Jumapili bado nalipenda, na mwalimu wetu wa kila siku, ambaye miaka miwili hii hajaniomba hata nauli, ningependa kumheshimu siku ya Guru Purnima. Nimpelekee nini?

Mzee wa Kisutu:

Marahaba, mwanangu. Nenda Soko la Kisutu asubuhi, ununue nazi moja, maua na matunda yoyote utakayoyaona mazuri. Ukitaka kuongeza fedha, iweke katika bahasha bila kuandika kiasi, umpe kwa mikono miwili. Na kama mwaka huu huna ya kuongeza, nazi inatosha.