Mrejesho: Akropora yangu (tumbawe gumu la akwaria ya maji chumvi) iliyokuwa inapauka

Wakuu, niliuliza hapa kwa nini Akropora yangu inapauka upande mmoja tu, wakati vipimo vya maji ni vizuri. Aliyeniambia nichungulie usiku kwa tochi nyekundu, asante sana ndugu yangu! Taa zikizimwa, Yufilia, tumbawe lingine lililokuwa karibu nayo, ilikuwa inarefusha minyiri yake na kuichoma.

Sasa kati yao kuna zaidi ya sentimita 15. Akropora iko juu ya mwamba, penye mwanga mkali na mkondo wenye nguvu unaobadilika mwelekeo. Yufilia iko chini, mkondo wa wastani. Sehemu iliyopauka imeanza kufunikwa na nyama mpya, nimefurahi mno.

Alkali (uwezo wa maji kuhimili asidi) naishikilia kwenye dKH 8, dKH ikiwa kipimo chake, na kalsiamu miligramu 420 kwa lita. Kwa maoni yangu kuyumba kwa alkali huumiza matumbawe magumu kuliko namba yenyewe.

Kwa wenzangu wa Kampala: nunueni pampu ya hewa ya betri. Umeme ukikatika mkondo husimama, na oksijeni hupungua haraka. Maji nachanganya mwenyewe, chumvi ya akwaria na maji yaliyochujwa kwa RO (kichujio kinachoondoa karibu kila kitu kilichoyeyuka majini), ya bomba hapana.