Tupeane uzoefu: kupima VIH (virusi vya UKIMWI) kwa docta anayekujua hadi nyumbani

Mwana_Birere
Jana nimempeleka mdogo wangu kupima mambo ya ndoa. Nikakaa kwenye benchi ileile niliyokaa mwaka 2017, na tumbo likanikata vilevile, ingawa safari hii damu haikuwa yangu. Nikasema nije hapa, sidhani niko peke yangu.

Papa docta wetu ni wa siku nyingi. Alinitahiri mimi na kaka zangu wawili, alimtibu nyanya mpaka akamfumba macho, Noeli anakula kwetu. Paroko alipotudai karatasi za kabla ya ndoa (VIH, grupu ya damu, na elektroforezi, kile kipimo cha ile damu ya SS, ugonjwa wa selimundu), papa akasema, "Mtaenda wapi tena na docta yupo?" Ningemjibu nini? Kwamba kuna miaka miwili niliishi Kisangani ambayo yeye haijui vizuri?

Saa mbili asubuhi niko kwake, Katindo, hapa Goma. Akaingia mama mmoja wa kwaya, rafiki ya mama yangu, akakaa karibu nami kabisa. "Mwanangu, unaumwa nini?" Nikasema malaria. Hapo hapo kijana wa labo akatokea mlangoni, akaita jina langu lote, la papa na la babu, halafu akaongeza, "Yule wa VIH!" Mama wa kwaya akatoa rozari kwenye mkoba.

Wakanitoboa kidole, wakasema dakika 15. Nilihesabu chukudu zote, zile baiskeli za mbao za kubeba mizigo, zilizopita barabarani. Nikakumbuka majina niliyokuwa nimeshayasahau, mengine nusu tu. Nikapanga namna ya kumwambia mchumba, nikapanga namna ya kumwambia papa, nikaona heri mchumba. Papa docta akaniita ndani. Nimekaa tu, akanyanyuka, akafunga dirisha.

Alipofunga dirisha mimi nilijua. Masikio yakaziba. Akavaa miwani, akasema, "Mwanangu, grupu yako ni O." Akanyamaza. "Elektroforezi ni AA, hakuna tatizo." Akageuza karatasi, akaniuliza kama kuku wa mama wameacha kufa. Nikamwambia papa docta, nakuomba.

"Nini? Aa, VIH? Negatif. Si nimesema hakuna tatizo?"

Dirisha alilifunga juu ya kelele za jenereta ya jirani.

Chukudu_Mbao
Wote wanafunga dirisha. Sijui wanafundishwa wapi.

Mama_Keshero
Wangu alifunga na pazia.

Nyoka_wa_Ziwa
Mnaogopa bure. Mimi nililala na mtu Jumamosi, Jumatatu nikapima, negatif. Dakika 15 tu.

Muuguzi_Majengo
Ndugu yangu, Jumatatu hukupima Jumamosi. Kile kipimo cha kidole kinatafuta kinga ambayo mwili wako unaitengeneza ukishakutana na virusi, na mwili hauna haraka, unachukua wiki kadhaa. Ulipaswa kurudia baada ya miezi mitatu. Na kama Jumatatu hiyohiyo ungesema ukweli, ungepewa dawa za kuzuia: zinaanzwa ndani ya saa 72, unameza siku 28. Wewe saa zako zilipita ukishangilia.

Nyoka_wa_Ziwa
Yaya, umenikosesha usingizi.

Tai_wa_Kadutu
Ni miezi sita, siyo mitatu. Shuleni tulifundishwa sita.

Muuguzi_Majengo
Shule ya mwaka gani?

Tai_wa_Kadutu
1998.

Binti_Bagira
Nyinyi mnalia juu ya dirisha. Niwape yangu, nilishaapa siisemi tena lakini hiyo habari ya benchi imeniamsha.

Mwaka 2019, Bukavu. Docta wetu alisoma na papa, shule moja, daraja moja. Posa ilishapita, mahari ilishatoka: pesa, mbuzi, na ng'ombe jike mmoja kutoka Walungu, ana mimba. Nikaenda kupima peke yangu, mchumba alikuwa Uvira kikazi. Kipimo cha kwanza kikatoa mistari miwili, yaani ndiyo. Docta hakusema kitu, akachukua kipimo cha aina nyingine: mstari mmoja, yaani hapana. Akarudia kile cha kwanza: miwili tena. Akaniangalia. "Binti yangu, leo siwezi kusema ndiyo, siwezi kusema hapana. Rudi baada ya siku 14."

Jamani. Heri angesema ndiyo.

Jioni hiyo akaja kwetu. Sikumtuma. Wakakaa barazani na papa na chupa zao mbili, mimi niko nyuma natwanga sombe. Nikasikia jina langu, nikasimamisha mchi. Papa akanyamaza. Papa yangu si mtu wa kunyamaza. Kesho yake shangazi alijua. Jumapili mama wa mchumba alijua. Mpaka leo papa anaapa hakumwambia mtu ila shangazi, na shangazi anaapa hakumwambia mtu ila Mungu, kwa sauti ndogo, ndani ya kanisa lililojaa watu.

Siku ya tisa wakaja: baba mdogo wa mchumba, wazee wawili, na kamba. Salamu haijaisha, kamba iko mkononi. Wanataka ng'ombe wao. Mchumba mwenyewe hakuja, alinitumia maneno mawili kwa simu: "Wazee wameamua." Papa akawaambia ng'ombe hatoki hapa kabla ya siku ya 14, na anayetaka kumtoa atatoka naye yeye papa shingoni. Majirani wakapanda ukuta kutazama. Mimi niko ndani ya blanketi, sili, nakonda, na wao wanaulizana kwa sauti, "Mmeona alivyokonda?"

Siku ya 14 docta akapima kwa vile vya aina zote. Mstari mmoja, mstari mmoja. Akalia yeye. Mimi sikulia. Nikamwuliza, papa docta, aliyetobolewa kidole ni mimi au ni papa? Hakujibu. Tangu siku hiyo natibiwa kwa mtu asiyejua hata kartye, yaani mtaa, ninayolala.

Chukudu_Mbao
NA NG'OMBE?

Mama_Keshero
Pole sana dada, Mungu alikuona. Na ng'ombe?

Muuguzi_Majengo
Acheni ng'ombe. Kwanza, kipimo kimoja kikisema ndiyo na kingine hapana, kusubiri siku 14 ndiyo njia yenyewe, docta hakukosea hapo. Inatokea, hata mtu akiwa mzima. Pili, kwenda barazani ndiyo kosa, na si kosa la adabu tu. Hapa Kongo tuna sheria namba 08/011 ya tarehe 14 Julai 2008: unapimwa ukikubali mwenyewe, na siri yako inalindwa.

Tai_wa_Kadutu
Sheria ya Kinshasa inapanda ndege, haifiki Bagira.

Mwana_Birere
Mimi namtetea yule mzee kidogo tu. Alidhani anamsaidia rafiki yake. Kwetu mtoto ni wa papa yake.

Binti_Bagira
Mtoto alikuwa na miaka 26.

Tai_wa_Kadutu
Na alikuwa anakula kwa papa yake.

Muuguzi_Majengo
Kwa hiyo ukila kwa papa, damu ni ya papa? Wewe Tai uliyesoma 1998, unakula kwa nani?

Tai_wa_Kadutu
Tusiende huko.

Kijana_Himbi
Samahani wakubwa. Nina miaka 22, kesho niko kwa docta wa familia. Akiniuliza kwa nini nataka kupima, nimjibu nini?

Chukudu_Mbao
Ng'ombe bado hatujaambiwa.

Mwana_Katuba
Batu ya Goma na Bukavu, poleni. Miye nilikimbiaka docta ya kampuni, ju kule kwetu karatasi inapitaka kwa shefu mbele ifike kwako. Nikapanda bisi ya asubui, Lubumbashi mupaka Likasi, kilometa 120 ju ya tone moya ya damu. Kule hakuna mutu ananijua. Nikaandika jina ya bongo, nikakala. Mulango ikafunguka: infirmiye njo ule tulikalaka naye benchi moya primeri, Katuba. "We! Tangu lini unaitwa Philippe?"

Tai_wa_Kadutu
Andika Kiswahili tuelewe.

Mwana_Katuba
Iki njo Kiswahili. Yako njo ya kitabu. Haujaelewa nini, ile kilometa ao ile benchi?

Tai_wa_Kadutu
Nimeelewa yote.

Mwana_Katuba
Sasa unalilia nini.

Mama_Keshero
Dada zangu, ushauri wangu mmoja: mwende wawili na mwanaume atobolewe kwanza. Ukitangulia wewe, atasema "majibu ya mke wangu ndiyo yangu" na atapotea kupitia mlango wa nyuma. Mimi nilipimwa mara nne kwenye kliniki ya wajawazito, mimba nne, na bwana yangu mpaka leo anajihesabu mzima kwa kidole changu.

Nyoka_wa_Ziwa
Mimi niliambiwa ukinywa maziwa lita moja kabla ya kwenda, haionekani.

Muuguzi_Majengo
Utaonekana wewe ukiharisha kwenye pikipiki.

Mti_wa_Ndosho
Nimesoma yote na nimecheka, sasa niseme langu.

Majibu yangu mimi yalikuwa ndiyo. Mwaka 2014, Goma, docta wa familia. Naye alifunga dirisha. Hakuanza na grupu ya damu. Alivuta kiti akakaa upande wangu wa meza, siyo upande wake, akasema, halafu akakaa kimya na mimi mpaka watu wa nje wakaanza kugonga. Hakunihubiria. Hakuuliza ni nani. Aliniambia, "Leo usimwambie mtu. Ukiwa tayari njoo na mke wako, nitakuwepo." Ilinichukua siku sita. Mke wangu akapimwa, negatif, na ni negatif mpaka leo.

Dawa za kwanza zilinipa ndoto mbaya, nilikuwa napigana na watu usiku kucha. Baadaye walibadilisha. Sasa ni kidonge kimoja kwa siku, nachukua bure, na virusi havionekani tena kwenye kipimo. Ambaye virusi vyake vimefika hapo hamwambukizi mwenzake kitandani, hilo nimelielewa kwa mwili wangu: tumepata watoto wawili tangu hapo, wazima wote.

Sasa sikilizeni. Volkano ilipotoka tarehe 22 Mei 2021 tulikimbia usiku, tukarudi. Tarehe 27 wakatuambia tuhame tena. Niko njia ya Sake, mtoto mgongoni, godoro kichwani, miguu ya watu kila mahali, simu ikalia. Docta. Naye anakimbia, nasikia pumzi yake. Hata "uko wapi" hakuanza nayo. Alisema, "Una vidonge vya siku ngapi?" Nikasema vinne. Akasema, "Ukifika Sake mtafute fulani kwenye kituo cha afya, nimeshamweleza." Nikafika, nikapewa, sikuulizwa kitu.

Mama_Keshero
Nimelia hapa na vyombo mkononi.

Binti_Bagira
Ndugu yangu, Mungu azidi kukulinda. Lakini na yeye alimwambia mtu.

Mti_wa_Ndosho
...Ndiyo. Alimwambia. Miaka yote hii sikuwahi kulitazama hivyo.

Mwana_Birere
Lakini ni mwenzake wa kazi, na mji unaungua.

Binti_Bagira
Sijasema alikosea. Nimesema alimwambia mtu.

Muuguzi_Majengo
Kumwambia anayekupa dawa si sawa na kumwambia anayekunywa nawe. Lakini ni kweli, angeuliza kwanza. Neno moja, "nimwambie?" Tukiwa mbio tunalisahau, na mimi mwenyewe nimeshalisahau.

Mshindi_kwa_Damu
Mimi nilifunga siku 21, nikaombewa, vikaisha. Mwenye masikio asikie.

Muuguzi_Majengo
Ulipima tena?

Mshindi_kwa_Damu
Imani haipimi.

Mti_wa_Ndosho
Funga ndugu yangu, mimi pia nafunga Kwaresima. Ila saa tatu ya usiku kidonge kinapita.

Muuguzi_Majengo
Uliacha dawa? Nijibu hapo, au niandikie pembeni. Sitakugombeza.

Chukudu_Mbao
Binti Bagira, tunakuheshimu, lakini kuna watu hapa hawajala tangu jana juu ya ng'ombe.

Binti_Bagira
Haya. Siku ya 15 mchumba alikuja mwenyewe, bila wazee, na keki. Papa alimwambia ng'ombe ameshazoea nyumba. Wazee wa pande mbili walikaa mara tatu, tukarudisha pesa na mbuzi, ng'ombe akabaki, wakasema ni fidia ya kamba. Alizaa dume, alizaa na jike. Shangazi ndiye anayekunywa maziwa, maana mimi siyawezi.

Mwana_Katuba
Ile ya shangazi inanikasirisha kupita yote.

Muuguzi_Majengo
Kijana wa Himbi, tulikupita, samahani. Huna haja ya sababu. Sema tu, "Papa docta, nataka depistaje, kile kipimo cha VIH, na majibu nipe mimi peke yangu." Hayo ya pili yaseme kabla hajachukua sindano. Ukiona mdomo mzito, kuna vituo vya depistaje ya hiari, unapita kama mtu yeyote. Au kama umeshaenda, umefanyaje?

Kijana_Himbi
Nimetoka sasa hivi. Niliyasema yote mawili, sauti ilitetemeka. Hakuuliza kwa nini. Aliuliza tu kama mama bado anauza samaki wa sambaza pale Kituku.