Je, "akida" wa nyaraka za zamani alikuwa afisa wa polisi?

MhaririNgara: Hamjambo, wanajukwaa. Hapa Nairobi ninahariri nyaraka za Kiswahili za kabla ya uhuru, na neno "akida" linanitatiza. Katika barua moja ya Tanganyika, akida anadai kodi ya kichwa na kuamua kesi ya mbuzi. Katika masimulizi ya Mombasa, anaongoza wanajeshi ngomeni. Mwenzangu anapendekeza tuandike "afisa wa polisi" kotekote. Ninyi mnaonaje?

MzaliwaWaKisauni: Tafadhali msifanye hivyo. Asili yake ni Kiarabu, ambako hadi leo ni cheo cha kanali katika majeshi kadhaa, na kwetu pwani maana hiyo ya ujemadari ndiyo iliyotangulia. Muhammad bin Abdallah, ambaye historia inamkumbuka kama Al-Akida, alikuwa mkuu wa kikosi cha Ngome ya Yesu; alipomwasi Sultani Barghash wa Zanzibar, manowari za Uingereza ziliipiga ngome kwa mizinga mnamo Januari 1875 mpaka akasalimu amri. Mtu wa namna hiyo ukimwita afisa wa polisi, msomaji hataelewa kwa nini ilihitajika mizinga kumwondoa.

MwalimuWaHistoria: Naafiki, ila barua ya Tanganyika ina habari nyingine. Wajerumani walilichukua neno hilo wakampa mtawala wa eneo aliyewekwa juu ya majumbe (wakuu wa vijiji), mara nyingi mtu wa pwani aliyepelekwa kutawala watu asio na udugu nao. Alikusanya kodi, akasikiliza kesi ndogo ndogo, akawasukuma watu kwenye mashamba ya pamba, na askari walikuwa chini ya amri yake. Kwa hiyo kazi ya polisi ilikuwamo, lakini pamoja na ya hakimu na ya mtoza ushuru. Chuki iliyotokana na mamlaka hayo yote kuwa mkononi mwa mtu mmoja haikuwa ndogo, na Vita vya Maji Maji vilipozuka Umatumbi mwaka 1905, maakida walikuwa miongoni mwa walioshambuliwa mwanzoni. Waingereza waliuondoa mfumo huo chini ya Gavana Donald Cameron, katika miaka ya 1920.

Ushauri wangu: acheni "akida" kama lilivyo, kisha mweke maelezo mafupi chini ya kila waraka kulingana na mwaka na mahali ulikoandikiwa.

MhaririNgara: Ahsanteni sana. Nitaliacha, na ile kesi ya mbuzi nitaifafanua kwa maana ya enzi ya Wajerumani.